Kizimba, Pua na Taa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja apate pa kukaa. Ninayo kesi ambayo hakimu wake hajapatikana mpaka leo. Nitaieleza ilivyotokea, na nikifika mwisho nitawakabidhi nyinyi.

Katika mji wa Iringa, kule kwenye baridi na mawe, walikuwapo watu wanne, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mwanaidi Shekue, aliyetoka Lushoto, kipaji chake kilikuwa kufunga. Alikuwa mkemia, na alichokifunga yeye hakikufunguka.

Nyamizi Kulwa, aliyetoka Tabora, kipaji chake kilikuwa kutafuta. Naye alikuwa mkemia. Umpe kitu kilichojificha ndani ya mwili wa mtu, kiwe kidogo kuliko vumbi, atakitengenezea cha kukifuata hadi kilipo.

Ombeni Mrutu, aliyetoka Same, kipaji chake kilikuwa kuangaza. Mkemia wa tatu huyo. Alitengeneza rangi ambazo ukizimulika zinawaka, na giza lilikuwa kwake kama ubao mweupe kwa mwalimu.

Wa nne alikuwa mwenyeji, Zabroni Luvanda, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Kemia aliiacha sekondari na hakuikumbuka kwa wema. Zabroni alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na watu walimpachika jina la Redio Mbili, kwa sababu mtu mmoja, walisema, hawezi kutoa maneno yote yale kwa pumzi moja. Kuna watu waliokwenda uwanjani, wakakaa mbele kabisa, na bado wakaweka redio sikioni ili Zabroni awaambie wanachokiona. Mechi ya bila kwa bila, akiitangaza yeye, ilikutoa jasho.

Kesi hii ni ya Zabroni. Ilianza siku ya mechi.

Gangilonga Rangers walikuwa wanacheza na jirani zao. Winga wa Gangilonga akachomoka pembeni, akapita beki wa kwanza, akapita wa pili, na Zabroni alikuwa naye hatua kwa hatua. "Anaingia kwenye boksi! Anamtazama kipa! Anapiga, na ni... ni... ni sufuria!"

Mji mzima ulicheka. Watu walidhani Redio Mbili ameleta kibwagizo kipya. Sokoni, stendi, hata watoto wakicheza mpira wa makaratasi, mtu akifunga wanapiga kelele, "Sufuriaaa!" Zabroni naye alicheka nao, akapeana nao mikono. Lakini alipofika nyumbani alikaa kwenye kochi bila kuvua koti, na mke wake Sekela akamshika paji la uso.

"Baba Eda, una homa?"

"Sikuwa natania, Mama Eda. Nililitafuta neno goli, nikakuta mahali pake hakuna kitu. Nikachukua lililokuwa karibu."

Wiki hiyohiyo Sekela alimsikia mumewe akimwita binti yao Eda "mlango". Hapo hakungoja tena. Alimshika mkono wakaenda hospitali kubwa.

Daktari wa upasuaji wa ubongo aliitwa Kokuteta Rwegasira, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa na tabia ya kumzungusha mgonjwa. Aliwaonyesha picha ya kichwa cha Zabroni, iliyopigwa kwa mashine ya MRI, akaweka kidole upande wa kushoto.

"Hapa pana uvimbe. Na hapa, jirani yake kabisa, ndipo maneno yako yanapotengenezwa."

"Basi utoe," alisema Zabroni.

"Kuutoa naweza. Shida yangu ni mpaka. Tazama, pembeni hapa picha ina ukungu. Sijui uvimbe unaishia wapi na wewe unaanzia wapi. Nikikata kidogo, unabaki, na ukibaki utarudi. Nikikata sana, utaamka mzima wa afya lakini huna la kusema."

Zabroni alisogeza kiti karibu. "Si kuna dawa wanachoma mtu, picha ikawa safi zaidi?"

"Ipo. Ndani yake mna madini yanaitwa gadolini. Lakini figo zako zimechoka kwa presha, ndugu Luvanda. Kwa mtu wa figo kama zako, naiogopa. Tena hata nikipata picha safi, nikifungua fuvu ubongo hushuka kidogo, kama donge la unga lililoumuka ukalifunua. Ile picha inakuwa ramani ya mtaa uliohama. Mimi nataka kitu kimoja kinachoonekana kwenye mashine kabla sijakata, na kionekane tena, kilekile, wakati nakata."

"Kipo kitu hicho?" aliuliza Sekela.

Daktari Kokuteta alielekeza kidole dirishani. "Wapo watu watatu kwenye maabara ya chuo, ng'ambo ya barabara. Dawa yao imeshapita kwa wanyama, imeshapita kwa watu wazima wachache wenye afya na kwa wachache wenye figo dhaifu, na wakaguzi wamewaruhusu waanze na wagonjwa wa uvimbe wanaokubali wenyewe. Hakuna aliyetangulia mbele yako. Nendeni mkawasikilize. Msikubali kwa sababu nimewatuma mimi."

Wakavuka barabara.

Zabroni alitarajia kukuta watu wenye nywele zilizosimama wakizungumza Kilatini. Alikuta watatu waliokuwa wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu nani aliyemaliza maziwa ya chai. Walipomtambua, ubishi uliisha. Ombeni, ambaye alikuwa mpenzi wa Gangilonga kufa na kupona, alisimama wima kama anaimbiwa wimbo wa taifa.

"Redio Mbili mwenyewe!"

"Siku hizi nusu redio," alisema Zabroni. "Nielezeni dawa yenu. Ila nielezeni kama mnavyomweleza mama yangu mzazi."

Mwanaidi ndiye aliyeanza. Alimwambia kwamba ndani ya mashine ya MRI kinachopigwa picha ni maji, kwa kuwa mwili wa mtu umejaa maji kila mahali. Gadolini, maji yakiigusa, yanachangamka, na picha ya mahali hapo inang'aa. Lakini gadolini ikiachwa huru mwilini ni sumu. Kwa hiyo hufungiwa ndani ya kizimba kidogo cha molekuli. "Na hapo ndipo nilipoacha usingizi wangu," alisema Mwanaidi. "Kizimba kikiwa legelege, madini yanatoroka, na mtu mwenye figo zilizochoka hawezi kuyasukuma nje upesi. Kikifungwa kila upande, maji hayaingii, na mashine haioni kitu. Nilitengeneza kizimba kinachobana madini pande zote, nikaacha dirisha moja. Maji yanachungulia dirishani, yanachangamka, yanatoka, mengine yanaingia. Madini hayatoki."

"Umejuaje hayatoki?" Sekela alimkatiza.

"Nimeyaweka kwenye asidi, dada. Nimeyachemsha. Nimeyaweka pamoja na madini mengine yanayopenda kupora nafasi. Vizimba vya zamani vilifunguka. Hiki kilikaa."

Nyamizi alifuata. Yeye alisema kizimba peke yake ni mgeni aliyeshuka stendi bila namba ya simu ya mwenyeji. Atazunguka mji mzima kisha atoke alivyoingia. Seli za uvimbe wa aina ile ya Zabroni, kwa nje, zina vitu kama vitasa vya mlango, tena vingi, ambavyo seli nzima za ubongo karibu hazina. Nyamizi alitengeneza mnyororo mfupi unaokamata vitasa hivyo tu. Wenzake waliuita pua. "Nilijaribu mingi. Mmoja ulikamata uvimbe vizuri sana, na ukakamata ini vizuri vilevile. Nikaufuta. Mwingine ulikuwa mkali lakini mzito, haukupenya ulipotakiwa. Huu unapenya, unanusa, unakamata, na pasipo uvimbe haukai."

Ombeni alikuwa wa mwisho. Yeye aliwasha taa moja ndogo, akazima za ukutani, akamwonyesha Zabroni kichupa chenye maji ya rangi ya mbilimbi iliyoiva. Kwa macho hakikuwa na lolote. Kwenye skrini ya kamera kiliwaka kama taa ya barabarani.

"Hii ndiyo taa," alisema. "Mwanga wake jicho halioni, ila unapita kwenye damu na nyama, na kamera inauona. Daktari akifungua, anatazama skrini. Penye uvimbe panawaka. Pasipo uvimbe giza."

"Mbona unasema kama mtu aliyefiwa?" aliuliza Zabroni, ambaye kwa kazi yake alijua kusikiliza sauti za watu.

Nyamizi na Mwanaidi walitazama chini. Ombeni akacheka kidogo. "Kwa sababu hii si taa yangu ya kwanza. Nilikuwa na nyingine, kali mno, niliyoijenga tangu nikiwa mwanafunzi. Tulipoiunganisha na kizimba, gadolini iliififisha. Taa ikikaa karibu na yale madini inazimika. Tukaweka daraja katikati, ikawaka. Lakini ilikuwa inang'ang'ania kila kitu, mafuta, damu, kuta za mishipa, na pua ya Nyamizi ikapotea njia. Ilibidi niiache. Nikaanza hii upya, isiyo kali kama ile, ila inakaa kwa adabu."

"Na mimi kizimba changu nilikivunja," alisema Mwanaidi, kama mtu asiyetaka wageni wamwonee huruma Ombeni peke yake. "Kilikuwa kimekamilika. Hakikuwa na pa kushikia daraja. Wenzangu walitaka niwape mkono mmoja wa kizimba unaobana madini, nikakataa, kwa kuwa mkono ukiondoka madini yanalegea. Nikakijenga upya nikaweka ndoana mgongoni."

"Na mimi niliufupisha mnyororo wangu mpaka nikaogopa hautanusa tena," alisema Nyamizi. "Basi, kila mtu alitoa kitu."

Sekela aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mnachotaka kumchoma mume wangu, hakuna aliyewahi kuchomwa akiwa na ugonjwa wake."

"Hakuna," alisema Mwanaidi. Hakuongeza neno la kutuliza, na Sekela, kama alivyosema baadaye, alimpenda kwa hilo.

Njiani kurudi nyumbani Zabroni hakusema kitu. Kwa mtu kama yeye kimya kile kilitisha. Walipofika karibu na kwao Sekela ndiye aliyeanza.

"Unaogopa kufa?"

"Naogopa kukaa kwenye kiti changu mbele ya kipaza sauti, mpira unaendelea, na mimi natazama tu."

"Basi umeshaamua."

"Wewe je?"

"Mimi nilikupenda kabla hujaingia redioni," alisema Sekela. "Ulikuwa unaongea vilevile. Nenda kachomwe hiyo sindano."

Siku ya kipimo Zabroni alichomwa dawa, akalazwa ndani ya ile mashine inayogonga kama karakana ya mabati. Daktari Kokuteta na wale watatu walisimama mbele ya skrini chumba cha pili. Picha ilipokuja, wote walisogea karibu. Ule ukungu wa pembeni ulikuwa umeondoka. Mpaka wa uvimbe ulionekana kama mstari uliopigwa kwa kalamu nyeupe. Na kutoka upande mmoja ulichomoza mkia mwembamba, ambao picha ya kwanza haikuuonyesha kabisa, unaelekea moja kwa moja kwenye maneno ya Zabroni.

"Huo ningeuacha," alisema Daktari Kokuteta polepole. "Nisingejua upo."

Nyamizi alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mwanaidi hakutazama picha tu. Alikuwa akingoja vipimo vya damu na mkojo. Vilipofika, kisha vikafika vya kesho yake na keshokutwa yake, vilionyesha dawa imeingia na kizimba chake na imetoka na kizimba chake, ikichelewa kidogo kwa ajili ya zile figo, lakini imefungwa. Ndipo Mwanaidi alipokaa chini akaomba maji.

Upasuaji ulifanyika asubuhi, baada ya kuchomwa dawa mara ya pili. Sasa, ndugu zangu, hapa sikilizeni vizuri. Mtu anayepasuliwa mahali pa maneno halazwi usingizi mpaka mwisho. Anapewa ganzi, fuvu linafunguliwa, kisha anaamshwa ili azungumze wakati daktari anafanya kazi. Ubongo wenyewe hauna maumivu. Daktari akigusa mahali na mgonjwa akakwama, anajua hapo si pa kukata.

Zabroni aliamka akasikia sauti ya chini ya Daktari Kokuteta nyuma ya pazia. "Ndugu Luvanda, umeamka?"

"Nimeamka."

"Nizungumzie. Chochote unachopenda, ila usinyamaze."

Zabroni alivuta pumzi. Kisha, kichwa kikiwa wazi, mikono ikiwa imefungwa kwa mkanda laini, akaanza. "Mabibi na mabwana, karibuni uwanjani! Jua limechomoza, nyasi zimelowa umande, na mwamuzi wetu leo ni mama mmoja mrefu kutoka Bukoba ambaye hana mchezo na mtu!"

Manesi waliangua kicheko. Daktari naye alicheka, kisha akanyamaza, kwa maana ubongo ulikuwa umeshuka, kama alivyotabiri, na ile picha nzuri ya ukutani haikulingana tena na kilichokuwa mbele yake. Mkia ule mwembamba haukuwa pale ramani ilipousema. Kwa macho, nyama yote ilikuwa rangi moja.

"Zimeni taa. Washeni kamera."

Chumba kikawa giza. Kwenye skrini uvimbe ukawaka, na mkia wake ukawaka, umejikunja kama mzizi, mahali ambapo hakuna aliyedhani upo. Ombeni, aliyeruhusiwa kusimama nyuma ya kioo, alishika ukuta akalia.

Daktari alianza kukata panapowaka. Na Zabroni alitangaza. Alianzisha mechi, akawapa wachezaji majina ya manesi, akamfukuza mmoja kwa kadi nyekundu. Daktari aligusa mahali kwa kijiti cha umeme mdogo, kinachozima kwa muda pale kinapogusa. "Winga anachukua mpira, anakwenda, anakwenda, ana..."

Kimya.

"Acha," alijiambia Daktari, akaondoa kijiti. Maneno yakarudi: "...anakwenda nao mpaka kwenye kibendera!" Alitazama skrini. Pale alipogusa palikuwa na giza. Pua haikukaa pale. Hapo palikuwa pa Zabroni mwenyewe, maneno yake yalikuwa yamelala humo, na unene wa ukucha pembeni yake mkia ulikuwa unawaka.

Alikata kwa kufuata mwanga. Alikata polepole kiasi kwamba mtaalamu wa usingizi alisema baadaye alisahau kupumua. Na Zabroni, ambaye hakuona lolote kati ya hayo, alikuwa amefika dakika za mwisho, krosi imepigwa, mshambuliaji ameruka juu kuliko mabeki wote. Kwenye skrini nuru ya mwisho ikatoka na koleo. Pote pakawa giza.

"...anapiga kichwa, na ni goooooli!" alipaza sauti Zabroni. "Goli! Goli, jamani, goli!"

Chumba cha upasuaji hakipigiwi makofi. Siku ile kilipigiwa.

Uvimbe ulipimwa, wote ulikuwa umetoka na mpaka wake ulikuwa safi. Miezi ilipita, picha zikarudiwa, hakuna kilichorudi. Figo za Zabroni zilibaki zilivyokuwa, hazikuongezeka uzuri wala hazikupungua. Na maneno yake yalikuwa mengi kuliko zamani, Sekela akilalamika mpaka kwa majirani.

Kisha ikakaribia fainali ya Kombe la Nyanda za Juu, na Gangilonga Rangers walikuwa ndani. Tiketi zote zilikuwa zimeshauzwa. Waandaaji walitangaza kwamba siku hiyo Redio Mbili anarudi hewani, na kwamba mgeni rasmi, atakayepiga mpira wa kwanza katikati ya uwanja na jina lake kuandikwa kwenye kombe chini ya mwaka huo, atakuwa mtu aliyeokoa sauti ya Zabroni. Zabroni mwenyewe ndiye atakayelitaja jina, kwa kinywa chake, mbele ya watu wote.

Alikwenda kwanza kwa Daktari Kokuteta. Daktari akakataa. "Mimi nashukuriwa kila siku, mpaka kuku naletewa. Wale hakuna anayewajua. Chagua kati yao."

Akaenda kwa wale watatu akawaambia kweli: nafasi ni moja. Zabroni alidhani watasukumiana heshima, kila mmoja amtaje mwenzake. Hawakufanya hivyo. Walikuwa watu wa ukweli, na kazi yao waliijua thamani.

"Nitasema langu, usikasirike," alisema Mwanaidi. "Bila kizimba changu, hata sindano usingechomwa. Hawa wangekuwa na pua nzuri na taa nzuri zimebeba sumu kwenda kwenye figo zako. Uvimbe ungeweza kukusubiri, sumu isingekusubiri. Mimi nililinda uhai. Maneno yanakaa ndani ya uhai."

"Ni kweli," alisema Nyamizi. "Lakini kizimba kisichojua njia kingekupa picha ileile yenye ukungu. Na taa isiyojua njia ingewaka kila mahali, na panapowaka kila mahali ni sawa na giza. Ule mkia, nani aliuona? Na pale maneno yako yalipolala, palikuwa na giza kwa sababu pua yangu ilipapita bila kukaa. Daktari alijua pa kukata na pa kuacha kwa sababu yangu."

"Sawa," alisema Ombeni. "Ila picha ya mashine ilikuwa ukutani, na siku ya siku ilidanganya. Ubongo ulihama. Saa ile kizimba kilikuwa kimeshamaliza kazi yake, pua imeshafika ilikokwenda, na daktari bado alikuwa haoni. Aliona taa ilipowaka. Kisu kilifuata mwanga wangu. Na kwa ajili hiyo niliiacha kazi ya ujana wangu wote."

"Nendeni basi wote watatu!" alisema Zabroni.

Ombeni akatikisa kichwa. "Mpira wa kwanza hupigwa na mguu mmoja. Wawili watakuwa wasindikizaji, na uwanja mzima utajua ni akina nani."

"Wewe chagua," alisema Nyamizi. "Hatutakununia. Ila usitugawanye ili ukwepe kuamua."

Nyumbani hakupata msaada. Sekela alisema Mwanaidi, kwa kuwa yeye alitaka mume kwanza na mtangazaji baadaye. Mama yake Zabroni alisema Nyamizi, kwa kuwa adui usiyemwona ndiye wa kuogopwa, na aliyemfichua ndiye shujaa. Eda alisema Ombeni, na alipoulizwa kwa nini, alisema kwa sababu manesi walimwambia alilia nyuma ya kioo. Mkuu wa redio alisema yeyote, mradi jina litamkwe vizuri.

Siku ikafika. Timu zikapanga mstari. Mpira ukawekwa kwenye duara la kati, mweupe, hauna hata tone la tope. Kwenye ukingo wa uwanja walisimama watatu wakiwa wamevaa vizuri: Mwanaidi ametulia na mkoba wake mkononi, Nyamizi anarekebisha kilemba, Ombeni amefunga skafu ya Gangilonga shingoni ingawa Mwanaidi alimkataza. Walikuwa wanacheka pamoja kuhusu jambo fulani. Mashabiki waliwapigia vigelegele bila kujua wanamshangilia nani, na wao wakapunga mikono.

Juu, kwenye chumba cha watangazaji, Zabroni Luvanda aliketi kwenye kiti chake. Sauti yake iliingia kwenye vipaza sauti vya uwanja na kwenye redio za mji mzima, kwenye maduka, kwenye majiko, kwenye malori yaliyokuwa yakipanda mlima.

"Mabibi na mabwana, nimerudi!"

Uwanja ulilipuka. Aliwaacha washangilie mpaka wakachoka. Kisha mwamuzi akamnyooshea mkono kutoka chini: mgeni rasmi aje. Watu wakanyamaza, wote kwa pamoja. Zabroni aliwatazama wale watatu waliomrudishia kila neno alilonalo, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Na atakayepiga mpira wa kwanza leo, mtu aliyeokoa sauti hii mnayoisikia, ni..."

Hapo naishia, ndugu zangu. Jina najua alilitaja, na mpira ulipigwa, na Gangilonga walichukua kombe. Lakini tangu siku ile mji umegawanyika, na hata waliokuwapo hawakubaliani kama alitenda haki. Sasa kiti kile kipeni mtu wenu. Keti wewe, msikilizaji, kipaza sauti kiko mbele yako, uwanja umenyamaza, na watatu wanakutazama: aliyefunga, aliyetafuta, aliyeangaza. Ungelitamka jina la nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?